Ndoo ya Nane

Wiki iliyopita nilikwenda Temeke kwenye msiba wa Bi Mozza, na kwenye kona ya ua nikalikuta tangi langu. Limesimama juu ya matofali sita, kutu imelipanda miguuni kama soksi, na wanawake walikuwa wanakinga maji ya kuoshea masahani kana kwamba tangi lile lilizaliwa pale. Niliinama nikahesabu ribiti za mshono wa mbele. Thelathini na nane. Macho yangu siku hizi hayaaminiki, nikahesabu tena. Thelathini na nane. Binti mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake ya koki akaniuliza, "Bibi, umepoteza kitu?" Nikamwambia ndiyo, nimepoteza ndoo moja ya maji, karibu miaka hamsini sasa. Akacheka kwa adabu, kile kicheko wanachotupa sisi wazee tukishapigwa na jua. Sikuwa natania. Zilikuwa ndoo nane, zikarudi saba, na kila mwaka nilipofika katika ua ule niliuliza ya nane iko wapi. Bi Mozza alikuwa ananijibu neno moja tu, "Inakuja," kisha anaweka chai.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nakaa kaunta katika studio ya picha ya Bwana Hilari, Kinondoni. Kaunta ni neno tu. Nilikuwa naandika majina kwenye bahasha, nafagia, nawachana nywele watoto wa wateja, halafu naingia chumba cha giza kusafisha filamu na kuchapa picha mpaka vidole vinanuka dawa hadi Jumapili kanisani. Kamera yenyewe sikuruhusiwa kuishika mteja akiwepo. Bwana Hilari alisema mteja akipigwa picha na mwanamke anacheka, na picha ya kitambulisho haitaki kicheko. Nyuma ya kiti cha wateja palikuwa na pazia lililochorwa maporomoko makubwa ya maji, meupe, yanamwagika toka mlimani. Nusu ya Dar es Salaam ilipigwa picha mbele ya maji yale, halafu ikarudi nyumbani kusubiri bomba la mtaa litoe japo mkohozo.

Ndipo ikaja kazi ya kusini. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na wilaya moja ilitaka picha ya kitambulisho ya kila mtu mzima wa kila kijiji kipya. Mpiga picha mwingine alikuwa amekwishajaribu. Alipiga, akaleta filamu mjini, picha zikarudi baada ya miezi mitatu na hakuna aliyejua sura ipi ni ya nani. Wazee wawili waligombania picha moja, na inasemekana haikuwa ya yeyote kati yao. Safari hii walitaka picha isafishwe palepale, mwenyewe aione, jina liandikwe nyuma. Bwana Hilari alikuwa na umri wa hamsini na kitu na mgongo uliogoma. Mtu pekee pale studio aliyejua kupiga, kusafisha na kuchapa bila kuita mtu alikuwa mimi. Yeye alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua. Bado ilimchukua wiki mbili kulitamka, na alipolitamka alilifunga na masharti kama mzigo wa kupanda juu ya basi.

"Siku nne kila kijiji," alisema. "Petroli ni ya kwenda na kurudi tu, hakuna kuwasha injini kuchaji betri. Na maji ya visima vya huko yana tope, yatakuharibia picha, kwa hiyo unakwenda na yako. Sasa Fortunata, gari lifungwe taa na maji. Likishakuwa tayari, likae siku nne palepale kwa fundi. Injini isiwashwe, tangi lisiongezwe, na wewe uoshe picha kila siku kama uko kijijini. Siku ya nne nakuja mwenyewe. Utanipiga picha, utaisafisha, utaiosha mbele yangu. Taa ikiwaka na maji yakitosha, safari ni yako. Likishindwa, anakwenda Gerevasi kwa basi, na wewe kaunta ipo."

Gerevasi alikuwa mpwa wake. Alikuwa na kamera nzuri, viatu vizuri, na aliwahi kufungua boksi la karatasi za picha juani ili azihesabu. Tena akahesabu vibaya.

Gari lilikuwa Kombi. Wazungu wawili walikuwa wamelipitisha nchi zote mpaka likawachoka, wakaliacha Dar na kupanda ndege. Ndani kulikuwa na kitanda cha kukunja, kabati, beseni dogo kama la kunawishia kuku, na tangi la maji la lita kumi, yaani maji ya watu wanaopiga mswaki na kuondoka. Taa ilikuwa moja, na ilikula betri ileile ya injini, kwa hiyo ukisoma kitabu usiku, asubuhi unasukuma. Tulihitaji betri ya pili, tuite betri ya nyumba, isiyohusiana na injini kabisa mtu akishakata swichi. Tulihitaji taa nyekundu ya chumba cha giza na balbu ya gari ya kuwekea mashine ya kukuzia picha. Na tulihitaji tangi la lita mia na arobaini, maana kuosha picha za siku moja, kwa ubahili wangu mimi, ni lita kumi na tano. Mara nne ni sitini. Nilihesabu mara mbili. Zinabaki themanini, na mtu anayekwenda asikokujua anataka hizo themanini.

Vitu havikuwapo madukani. Asiyeuishi mwaka ule atafikiri natia chumvi. Chumvi nayo haikuwapo. Lakini kila mtu alikuwa na harusi, au ubatizo, au mtoto aliyeota meno, na mimi nilikuwa na karatasi za picha. Betri ya nyumba niliipata kwa dereva mmoja wa Keko kwa picha za harusi ya dada yake. Alitaka kumi na mbili, nikasema nne, akasema ana shangazi wengi, tukashikana mikono kwenye saba. Koki ya shaba ilitoka kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa Msasani, na mlinzi wake alipigwa picha tatu, moja akiwa amevaa kofia yangu kwa sababu yake aliiona imechakaa. Waya niliupima kwa mikono, pima ishirini na mbili, na aliyeniuzia akaupima kwa mikono yake mifupi akapata ishirini na sita. Tukaupima kwa mikono ya mpita njia. Bati la tangi sitasema lilitoka wapi, isipokuwa kwamba mwenyewe ana picha kubwa ya ukutani hadi leo.

Fundi aliitwa Shebe, Temeke, nyuma kidogo ya soko. Alikuwa fundi kweli, sitamwondolea hilo. Mikono yake ilijua bati na waya kama mpishi anavyojua unga. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Mdomo wake ulikuwa na sentensi mbili, "Kesho asubuhi," na "Hapo ndipo ninapotaka mie." Ukimwonyesha kitu kimeharibika anasema hapo ndipo anapotaka. Ukimuuliza lini, kesho asubuhi. Nilikuwa natoka Kinondoni saa moja na nusu, nafika Temeke saa tatu, namkuta amelala chini ya Kombi, miguu nje, na sijui hadi leo ni siku ngapi katika zile alikuwa anafanya kazi.

Kilichonifanya nisimwache ni mkewe. Bi Mozza alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini iliyofika mbali, na alikuwa na chumba kimoja cha mbele kilichokuwa sebule, ghala la vyuma vya mumewe na jiko wakati wa mvua. Nilikula katika chumba kile kila siku ya Mungu. Nikifika, chai ya mkandaa, yaani kavu bila maziwa, sukari haipo, lakini iliki ipo. Mchana wali wa nazi na dagaa, au ugali na mlenda, au siku moja samaki mkubwa ambaye hakuna aliyeniambia alikotoka. Kabla ya kula ananinawisha kwa birika, baada ya kula ananinawisha tena. Nikisema nimeshiba anasema, "Umeshiba nini, mdogo wangu, kijiko hicho?" Nilikula huku nimekasirika, kwa sababu kila siku kulikuwa na jambo la kunikasirisha, na chakula kilishuka hivyohivyo.

Tulijaza tangi Kinondoni, kwenye bomba la studio, kwa sababu Temeke bomba lilikuwa limekauka siku ya ngapi sijui. Bwana Hilari alitoa petroli ya safari tatu za kujaza, akasema ya nne haipo hata akija nani. Tukarudisha gari uani kwa Shebe, nikafunga kijitabu changu kwa kamba, jaribio likaanza. Siku ya tatu mchana koki ikakohoa. Taa nayo, iliyotakiwa kuwaka siku nne, ikawa na rangi ya ndizi iliyoiva. Shebe akazunguka tangi mara moja, akaligonga kwa kidole.

"Linavuja," alisema.

"Wapi?"

"Hapo ndipo ninapotaka mie."

Akafungua maungio yote, akayazungushia katani na rangi upya, akalehemu mshono wa chini juu ya mshono ambao haukuwa na kosa. Bi Mozza, akipita na ungo, akasema tatizo si tangi, tatizo ni nyaya za mume wake, kwani lini zimewahi kushika? Shebe akasema nyaya hazina neno, tatizo ni tangi. Niliandika yote mawili kijitabuni. Tukajaza mara ya pili. Siku ya tatu, koki ikakohoa.

Safari hii niliweka magazeti chini ya gari, kila ungio na gazeti lake, na siku ya tatu nikayainua moja moja. Makavu. Ungeweza kuyasoma. Nikamwonyesha Shebe. Akayatazama kwa muda mrefu, akasoma habari moja ya mpira hadi mwisho, kisha akatoa uamuzi. "Joto. Maji yanaruka. Bati likipata jua linahema, maji yanatoka kama mvuke, wewe huyaoni." Nikamwambia tangi lina kifuniko cha kukaza. Akasema ndiyo maana linahema. Halafu, kwa mikono yake mwenyewe, kwa jasho, kwa siku nne nzima, alilifungua tangi lile kwa mara ya pili, akalipaka lami nje na kuliezekea makuti juu lisipate jua, tangi lisilo na tundu hata la sindano. Nilikaa juu ya debe nikimtazama na kumhesabia mapigo ya nyundo. Sijui nilikuwa nahesabu ili iweje.

Ilibaki petroli ya kujaza mara moja. Bwana Hilari alinipa siku: Jumatano gari linaanza, Jumamosi alasiri anakuja, Jumatatu mtu anaondoka, mimi au Gerevasi. Hapo nikaacha kusikiliza mafundi, nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilipata mpira mwembamba, ule unaoonyesha ndani, kwa muuguzi aliyekuwa anadai picha za ubarikio wake kanisani. Nikauunganisha chini ya tangi na kuusimamisha ubavuni, maji yakapanda ndani yake sawa na yalivyo ndani ya tangi. Nikachora alama kila lita tano. Kila jioni kabla ya kuondoka nikaandika yalipo, kila asubuhi nikifika nikaandika yalipo.

Jumatano jioni niliyaacha mia na ishirini na tano. Asubuhi ya Alhamisi nikayakuta mia na tano. Alhamisi jioni tisini, Ijumaa asubuhi sabini. Nilikaa chini na kijitabu changu. Lita ishirini, na tena lita ishirini, wala si kumi na tisa. Mvuke haujui lita ishirini. Tundu linavuja usiku na mchana, halisubiri niondoke, na halijui kupima ndoo. Nikahesabu mara ya pili, nikala wali wa Bi Mozza, nikanawa, nikaaga kama kawaida.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Nilifika ua ukiwa bado na umande, nikaingia ndani ya Kombi, nikafunga mlango na pazia jeusi la chumba cha giza, nikakaa juu ya galoni la dawa. Ijumaa jioni niliyaacha hamsini na tano, na mpira sasa ulisema thelathini na tano; lita ishirini za usiku zilikuwa zimekwishaondoka. Sikungoja sana.

"Hodi hapa. Leo zamu ya nani?"

"Yako na ya Mama Saidi, asubuhi hii, maana jioni kuna mgeni." Hiyo sauti ningeijua hata kaburini. Ilikuwa ya Bi Mozza. "Ndoo moja moja, Mama Chiku. Sufuria hilo rudisha."

"Hili la mtoto tu."

"Mtoto ataoga humohumo ndani ya ndoo. Rudisha."

Koki ikafunguliwa. Koki yangu ya shaba. Nilisikia maji yakigonga bati, kisha yakigongana yenyewe ndoo ilipokuwa inajaa.

"Hivi mwenyewe maji yote haya anafanyia nini, mtu mmoja?"

"Anaosha picha."

"Picha! Yaani picha zinaoga kila siku, sie tunaoga kwa zamu?"

"Msimseme dada wa watu. Ana safari yake. Ndiyo maana safari hii nasema moja moja, nyumba mbili kwa siku, yamfikishe; mara zile mlichota kwa pupa yakaisha siku ya tatu."

"Na Fundi hajui?"

"Fundi anajua kufungua na kufunga. Mwacheni afungue."

Wakacheka wote watatu. Nikavuta pazia, nikafungua mlango, nikashuka. Mama Chiku alikuwa na ndoo kichwani, Mama Saidi ndoo yake imejaa miguuni, na Bi Mozza ameshika koki. Hakuna aliyekimbia. Mama Chiku akasema, "Habari za asubuhi, dada wa picha," kama tumekutana sokoni.

Nilipayuka. Sitaki kuyarudia yote niliyosema, mengine yalikuwa ya Kinondoni. Nilisema nimezunguka mji mzima kwa ajili ya koki ile, nimemvalisha mlinzi kofia yangu, nimeweka magazeti chini kama mwendawazimu, na leo ndiyo siku, leo alasiri, na wao wamekunywa safari yangu kwa zamu. Bi Mozza alinisikiliza hadi nilipoishiwa pumzi.

"Mdogo wangu," akasema, "gari limesimama uani kwangu lina maji. Mtaa mzima hauna. Mtu anakuja kwangu na ndoo anasema Mozza, naomba maji. Nimwambie nini? Nimwambie maji haya ni ya kuogea picha?"

Shebe akatokea na msuli wake, macho yamejaa usingizi. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alikaa chini. "Mara mbili," alisema. "Nimelifungua mara mbili. Nimelipaka lami! Mozza, umeniaibisha mbele ya mteja. Wewe unanitazama natoa jasho, unapita na ungo!"

"Na wewe radio yako?"

Shebe akakaza msuli wake.

"Radio gani?" nikauliza.

"Muulize anasikilizia wapi matangazo ya mpira kila nikitoka jioni kwenda kwa mama yangu. Wanajaa humu kwenye Kombi, sita, saba, waya umeshika betri yako ya nyumba. Nyaya mbovu, nimesema tangu mwanzo nyaya mbovu, ili mtu atafute. Hakuna anayetafuta."

Kwa hiyo yeye alikuwa ananiambia nyaya ili nimkamate mumewe, na mumewe ananiambia tangi kwa sababu alijua nyaya hazina kosa. Kila mmoja alikuwa amenipa nusu ya ukweli, na kila mmoja akabaki na nusu niliyoihitaji mimi. Nilitazama mpira. Maji yalikuwa kwenye alama ya kumi na tano. Lita kumi na tano. Kuosha kwa siku moja. Nikamwambia Bi Mozza kwamba kuanzia sasa hata malaika akija na kikombe, hapewi. Akasema sawa. Akaniwekea chai.

Bwana Hilari alifika saa tisa na nusu, kwa basi, na suti yake ya kaki, vumbi hadi kwenye nyusi. Alijitupa kwenye kiti huku anajipepea na kofia. Nilikuwa ndani ya Kombi napanga sinia zangu za dawa. Nilipotoka, alikuwa amekwishapewa kikombe cha maji, anakirudisha, anapewa cha pili. Kisha Bi Mozza akaja na birika na beseni, akamnawisha mikono, akamsogezea sahani ya vitumbua, akamnawisha tena. Nilifumba macho. Huwezi kumwambia mwenye nyumba asimpe mgeni maji. Niliyaweza mengi mwaka ule, hilo sikuliweza.

Nikampiga picha, amesimama mbele ya ukuta wa Shebe, bila maporomoko. Nikaingia gizani. Taa nyekundu iliwaka, kwa uvivu, lakini iliwaka. Balbu ya mashine ilikuwa dhaifu, kwa hiyo mahali pa kuhesabu ishirini nikahesabu arobaini. Sura ikatokea kwenye dawa, nyusi kwanza, kama ilivyo kwa watu wakali. Nikaichapa pamoja na picha nyingine za kazi ya siku nzima, kama alivyotaka, nikafungua mlango, nikaanza kuosha mbele yake. Suuzo la kwanza. La pili. La tatu, ambalo ndilo linaloondoa dawa ili picha isigeuke njano, nilifungua koki, ikatoa uzi, ikakohoa, ikanyamaza.

"Limeshindwa," alisema Bwana Hilari.

Alisema bila furaha, nampa haki yake. Nikamletea kijitabu, nikamwonyesha mpira. Nikamsomea yote, yangu sitini, ya majirani themanini, ndoo nane za lita kumi. Sikumtaja mtu. Nikasema tangi halivuji, lingebaki zaidi ya nusu.

"Kijitabu hakioshi picha, Fortunata."

"Hata hivyo asubuhi yalikuwapo kumi na tano kamili. Yangetosha. Zimepungua kama lita tatu tangu saa tisa na nusu."

"Nani kachukua?"

 Shebe akatazama juu. Bi Mozza akatazama beseni. Bwana Hilari akalitazama beseni naye, kisha kikombe, kisha vidole vyake vilivyonawishwa mara mbili, na nikaona anahesabu.

"Nilikuwa mgeni," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Bwana."

"Sasa huko kijijini, wewe una maji na wao wana vikombe, yakikuishia siku ya nne utafanyaje?"

 Jibu lake nilikuwa nimekaa nalo uani pale wiki tatu bila kulijua. Nilikuwa bado nalitafuta, mlango wa ua ulipofunguka akaingia Mama Chiku, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, nyuma yake Mama Saidi, na nyuma yao wengine. Walikuwa wametoka bomba la Chang'ombe, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kwa sababu habari ya asubuhi ilikuwa imefika nyumba zote nane kabla chai yangu haijapoa. "Dada wa picha," Mama Chiku akasema, anahema, "tunaweka wapi?"

Nikamtazama Bwana Hilari, nikawanyooshea kidole wale akina mama kama jibu. 

"Tangi lisiongezwe, nilisema," alisema Bwana Hilari. Halafu akaiona picha yake kwenye sinia, suuzo mbili tu, uso wake mwenyewe ukisubiri kugeuka njano. Ilikuwa picha nzuri. Bila kujisifu, ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupigwa, na alikuwa na kioo nyumbani, alilijua hilo. "Basi osha!" akafoka. "Unangoja nini, osha, itaharibika! Wekeni maji, akina mama, wekeni!"

Wakaweka. Nikasimama kwenye mpira nikihesabu zinavyopanda. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini. Nikangoja. Mlango wa ua ulibaki wazi na hakuna aliyeingia tena. Saba. Niliuliza ya nane iko wapi, Bi Mozza akasema inakuja. Bwana Hilari alikuwa ameshika picha yake kwa ncha za vidole, inadondosha maji kwenye suruali, wala hajali. "Jumatatu," alisema, "saa kumi na mbili asubuhi. Na hiyo koki tia kufuli."

Shebe alilehemu pete ya kufuli jioni ileile. Sikuamini, ilikuwa mara ya kwanza asiseme kesho asubuhi. Jumatatu tukaondoka, mimi na dereva, na kwa miezi saba nilipiga picha watu wengi sana, na walicheka, na vitambulisho havikufa. Ufunguo wa kufuli ulipotea kijiji cha kwanza. Sikuutafuta kwa bidii. Maji yaliisha karibu kila mahali siku ya tatu, na kila mahali yakaja mengine, mengine yana tope, nikayachuja kwa kanga. Kaunta sikurudi tena. Kombi ilipokufa nikalitoa tangi nikampelekea Bi Mozza, pamoja na swali langu.

Nilimshuku Mama Chiku. Kwa sababu ya lile sufuria. Nilimshuku miaka yote hii, tukikutana nasalimia huku namtazama mikono, na alikufa nikiwa bado namshuku.

Kwenye msiba Shebe alikuwa amekaa kwenye mkeka, anakaribia tisini, masikio yamekwenda lakini mikono bado ya fundi. Nikampa shikamoo, nikampa pole, nikakaa. Tukatazama wanawake kwenye koki. Pete ya kufuli bado ipo, tupu.

"Umezihesabu ribiti?" akaniuliza.

"Mara mbili."

"Ile ndoo ya nane ilikuwa ya nyumba hii," alisema. "Zamu ya kwanza ilikuwa ya Mozza mwenyewe, Jumatano. Alisema haina haja ya kurudishwa, imekwisharudi. Chai yako siku nne, wali wako, kukunawisha asubuhi na mchana. Sie tulikuwa tunaoga kwa kikombe, wewe unanawa kwa birika. Nikamwambia mwambie basi, mtoto wa watu atakufa anauliza. Akasema mgeni hahesabiwi alichokula."

Nilikaa nikitazama tangi. Chai asubuhi, maji ya wali, birika mara mbili, kwa siku nne. Nilifanya hesabu kichwani, lita kumi, labda na kikombe juu. Nikarudia toka mwanzo, polepole, ndoo moja hadi ndoo ya nane, na Mama Chiku nikimpitisha na ya kwake kichwani.

Zilitimia.

Binti wa koki akaja na birika na beseni, akapiga magoti mbele yangu. "Bibi, nikunawishe, chakula kinakuja." Nikamwambia amimine kidogo.